Ujumbe Niliomficha Wakesho

Mbotela, Nairobi
Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa Mkamburi,

Pokea salamu za ndugu yako mdogo, niliyenyamaza kuliko inavyofaa. Mwili wangu ni mzima. Goti lako linasemaje? Na kile kikohozi cha baridi ya Wundanyi, kimekuachilia au bado kinakuamsha alfajiri? Nilisikia mvua imenyesha huko mfululizo, na kwamba tuta la juu la shamba liliporomoka pamoja na kabichi. Nilihuzunika, maana najua ulilipanda kwa mikono yako mwenyewe.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu simu zetu siku hizi zimekuwa za kupigiana kelele. Mimi nasema Wakesho amehamia shuleni, wewe unasikia Wakesho ameanguka shuleni, na majirani zangu wote wanazijua habari zetu kabla yako. Macho yako bado ni mazuri ukivaa miwani, na miaka yote uliyofundisha chekechea haikupita bure. Basi soma polepole, na makosa yangu uyasahihishe kama zamani. Kuna jambo nililifanya ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani, na sitaki mtu akusomee.

Wakesho hayupo hapa. Leo ametimiza wiki tatu katika shule ya bweni upande wa Kakamega. Chumba hiki tulichokuwa tukigombania nafasi, kitanda chake kule nyuma ya pazia na changu huku karibu na mlango, sasa kimekuwa kipana ajabu. Mtoto wa kike akishakua baba hujifunza kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Mimi nilijifunza hivyo. Sasa natoka kazini, nafika mlangoni na funguo mkononi, na bado nabisha. Nasimama hapo kidogo, kisha nakumbuka, ndipo nafungua.

Acha nikueleze ilivyokuwa, hata kama sehemu nyingine unazijua.

Unajua kwamba tangu mama yake afariki, miaka minne sasa, nimemlea mtoto huyu peke yangu, na mikono yangu hii imezoea vyuma kuliko kusuka nywele. Mwaka jana aliingia gredi ya tisa, na mwaka huohuo akaanza kukaa golini. Kocha wao ni mwanamke anayeitwa Nafula. Asubuhi huuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, na jioni huwafundisha wasichana mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba zetu. Siku moja alinisimamisha njiani akaniambia, "Baba Wakesho, nimefundisha makipa wengi wenye wanaogopa mpira. Huyu wako haogopi. Usimpoteze."

Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyevaa suti.

Lakini haikupita miezi miwili, nikaitwa shuleni. Mwalimu Njoki, anayewafundisha sayansi, aliniwekea daftari mbili mezani. Moja ilikuwa ya Wakesho na nyingine ya rafiki yake. Kazi ya nyumbani ilikuwa ileile, neno kwa neno. "Angalia hapa juu," mwalimu akasema. Nikaangalia. Mtoto wangu alikuwa amechoka kiasi kwamba alinakili hadi jina la mwenzake.

Mwalimu alicheka, nami nikacheka naye kwa aibu. Kisha akaacha kucheka. "Mzee, msichana huyu analala kwenye dawati. Ana akili. Lakini akienda hivi, ataumaliza mwaka huu bila kitu kichwani."

Nilitoka pale nimeamua kumkataza mpira. Nikaenda moja kwa moja kwa kocha kumwambia hivyo. Nafula alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Shule inaisha saa tisa na nusu. Mazoezi yanaanza saa kumi na moja. Hapo katikati hawa wasichana wanapiga stori tu. Kwa nini usikuje ukae naye hapa, asome kwanza?"

Basi nikaanza hivyo. Siku za mazoezi naacha kazi yangu ya vyuma kule Shauri Moyo saa tisa, nanawa uso na mikono, natembea hadi kiwanjani. Tunakaa kwenye jiwe refu kando ya ukuta, yeye na mimi, vitabu kwenye magoti. Siku ya kwanza alifungua hesabu, nikaona giza. Unajua mimi niliishia darasa la nane. Nikamwambia, "Nieleze wewe, mimi nitakuwa mwanafunzi." Akanieleza. Mahali nilipokwama, naye alikuwa amekwama hapohapo, tukatafuta njia pamoja.

Kisha tukafika mada ya umeme. Ile ndiyo kazi yangu! Nilimchorea mashine yangu ya kuchomelea, nikamwonyesha umeme unavyoingia na unavyotoka, na kwa nini waya mwembamba hupata moto. Akaniangalia kama amekutana na mtu mgeni. "Baba, kumbe wewe unajua sayansi?"

Dada, sijawahi kusifiwa hivyo maishani.

Alama zake zilipanda. Kulala kwenye dawati kukaisha. Lakini kuna kitu kingine kilichotokea ambacho sikukiona mapema. Ile saa moja na nusu kwenye jiwe ikawa ndiyo maisha yangu. Asubuhi nilikata vyuma ili saa tisa ifike. Jumamosi na Jumapili zikawa ndefu. Hapa Mbotela nimeishi miaka mingi, watu wananisalimu vizuri, lakini hakuna anayenijua zaidi ya milango na madirisha niliyowatengenezea. Mtu aliyenijua alikuwa mmoja, na alikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Muhula wa tatu kocha akatuletea habari. Kulikuwa na mechi Jumamosi, na mwalimu wa michezo kutoka shule moja ya wasichana huko magharibi angekuja kutazama. Shule hiyo huwachukua wasichana wanaocheza vizuri na wanaosoma vizuri, na huwasaidia karo. Wasichana walipiga kelele za furaha. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Ni ya bweni?"

"Ni ya bweni," Nafula akasema. "Baba Wakesho, mbona unakunja uso hivyo? Kakamega si mwezini."

Ikatokea kwamba Jumamosi hiyohiyo Mwalimu Njoki alikuwa amepanga zoezi la sayansi la vitendo, lenye alama za mwisho wa muhula. Wakesho akanijia na wasiwasi. "Baba, tutafanyaje?" Nikamwambia asijali, nitamwuliza mwalimu. Nikatuma ujumbe, na Alhamisi jibu likaja nikiwa kazini. Bado ninalo kwenye simu. Liliandikwa: "Hakuna shida. Wakesho afanye zoezi lake Jumatatu baada ya masomo. Mwambie namtakia mechi njema."

Nilisoma mara tatu, nimesimama katikati ya vyuma, barakoa ya kuchomelea nimeipandisha kwenye paji la uso. Kisha nikairudisha simu mfukoni.

Jioni akaniuliza, "Mwalimu amesema nini?"

"Bado hajajibu."

Ijumaa akauliza tena. Nikamwambia, "Amesema lazima uwepo."

Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho. Hakulia. Alichukua glavu zake, akazipeleka kwa kocha ili mwenzake azitumie. Aliporudi akafungua kitabu cha sayansi, akasoma. Kesho yake nilimsindikiza mwenyewe mpaka lango la shule, kama baba mwema. Nikirudi nilisikia filimbi ya mpira upande wa kiwanja, nikageuka nikapita njia nyingine.

Siku hiyo timu yao ilifungwa mabao matatu. Golini walikuwa wamemweka beki.

Uongo wangu haukufika mbali. Jumatatu Mwalimu Njoki, aliyeikuta karatasi yake kwa mwalimu mwingine aliyesimamia zoezi Jumamosi, alimwuliza darasani mbele ya wenzake, "Kwani hukwenda mechi? Si nilimwandikia baba yako?" Aliporudi nyumbani hakuvua hata mkoba.

"Baba, ulipata meseji ya mwalimu?"

"Nilipata."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Na ukaniambia lazima niende."

Nikaanza kusema kwamba mtihani ni mtihani, kwamba mpira haudumu, kwamba mguu unaweza kuvunjika lakini cheti hakivunjiki. Maneno yalinitoka mengi. Alinisikiliza mpaka yakaisha, kisha akasema, "Sawa, Baba." Akaingia nyuma ya pazia.

Kuanzia siku hiyo alinipa kila kitu nilichotaka. Aliacha mazoezi. Alitoka shule akaja moja kwa moja nyumbani, akasoma hadi wakati wa kula, akaosha vyombo, akasoma tena. Zoezi la sayansi akawa wa kwanza darasani. Aliniwekea karatasi mezani na kalamu juu yake, nitie sahihi. Nilimwambia hongera, akasema asante. Nikimwuliza, alijibu "ndiyo" au "hapana". Heshima haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningejua pa kushika.

Siku tisa zilipita namna hiyo. Nilikuwa nimeficha ujumbe ule ili nisibaki peke yangu, na sasa nilikuwa peke yangu na mtu akiwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Jumanne moja nilikwenda kiwanjani saa tisa na nusu kama kawaida, nikitumaini huenda moyo wake umelainika akaja. Nikakaa kwenye jiwe. Wasichana wengine waliniamkia, kisha wakaanza kunong'onezana. Wakesho hakuja.

Nafula alipofika alinikuta hapo. Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini nilimwambia yote, hata ule ujumbe nikamwonyesha. Alisoma. Akanirudishia simu.

"Wasichana wangu walilia siku hiyo," akasema. "Mimi niliwaambia Wakesho amefanya vizuri, amechagua masomo. Kumbe hakuchagua kitu."

"Nifanye nini?"

"Yule mwalimu wa Kakamega aliniachia namba yake. Lakini si mimi nitapiga. Ni wewe."

Nilipiga simu nikiwa palepale, kabla woga haujanirudia. Yule mwalimu ni mwanamke mwenye sauti nzito. Nilijitambulisha, nikamwambia kipa wa Mbotela hakucheza kwa kosa langu, si lake. Akasema, "Nilimngoja huyo kipa. Nilikaa mechi nzima nikiuliza yuko wapi." Kisha akasema nimlete mwenyewe Ijumaa ya wiki hiyohiyo. "Asubuhi atakaa kwenye karatasi ya hesabu na sayansi, halafu ndiyo aingie golini. Hapa hatuchukui mikono peke yake."

Jioni ile Wakesho alikuwa akipiga pasi sare yake. Nilivuta kiti nikakaa karibu.

"Mama," nikamwambia, "mwalimu hakukuzuia. Ni mimi niliyekuzuia."

"Najua."

"Hujui sababu."

"Ulitaka nisome."

"Hapana. Niliogopa. Ukienda bweni, mimi nitakaa na nani?"

Aliinua pasi akaiweka kando. Alinitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika siku hizo zote uso wake ulikuwa wa mtoto. "Si ungesema tu, Baba. Mimi pia nilikuwa naogopa. Sikukwambia ndiyo usiogope." Halafu akauliza, "Na ulikuwa unataka nikae mpaka lini?"

Dada, swali hilo ninalo hadi leo.

Tulikwenda Kakamega. Asubuhi alifanya mtihani wao, mchana akaingia golini mimi nikiwa nimesimama nyuma ya ua wa michongoma na wazazi wengine wawili. Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita katikati ya mikono. Alikuwa hajafanya mazoezi zaidi ya wiki mbili, mikono ilikuwa imelala, na aliyeilaza ni mimi. Nilitaka kwenda kumwambia yule mwalimu hivyo, lakini nilibaki palepale nyuma ya ua. Mwalimu akapuliza filimbi, akasema inatosha. Nikamsikia Wakesho akisema kwa sauti, mbele ya watu asiowajua, "Naomba tena."

Wakampigia tena. Mipira mingine iliingia, mingine akaitoa. Kila walipotaka kuacha akaomba tena, akiwa amejaa matope hadi masikioni, mpaka mpigaji ndiye aliyechoka. Yule mwalimu akacheka. Alipokuja kwetu aliniambia karatasi yake ya sayansi ilikuwa nzuri kuliko za wote waliokuja siku hiyo, hasa swali la umeme. Niliangalia viatu vyangu.

Shule ilimpa nafasi, na wakati wa kujaza mkondo wa masomo ya gredi ya kumi ulipofika, nilidhani atachagua michezo. Akajaza sayansi. Nilipomwuliza akanishangaa. "Mpira nitacheza tu, Baba. Si lazima niandikwe mahali."

Basi wiki tatu zilizopita nilimpeleka na sanduku lake la bati. Wazazi tuliruhusiwa kufika langoni tu. Alinishika mkono, akaniambia, "Usikuje kila wikendi, wasichana watacheka." Akaenda na wenzake wala hakugeuka. Ni vizuri hakugeuka.

Sasa sikiliza habari ya leo, ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Asubuhi, baada ya ibada, simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa simu ya matroni wao. Kila mtoto hupewa dakika chache tu.

"Baba."

"Naam, mama. Uko salama?"

"Mimi ni kipa wa tatu huku. Kuna wawili mbele yangu, wakubwa. Sijacheza hata mara moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kemia siielewi. Wote wanaongea Kiluhya wakiwa bwenini. Baba?"

"Nakusikia."

"Niambie nirudi. Ukisema tu, nitarudi."

Dada Mkamburi, neno lilikuwa mdomoni. Kuna shule ya kutwa hapa karibu, kitanda chake nimekitandika, kiwanja kipo. Sikuhitaji hata kudanganya safari hii. Mtoto mwenyewe alikuwa akiniomba. Nilimsikia matroni akiita jina la mwingine.

Nikamwambia, "Kaa, mama. Kaa mpaka likizo, kisha tutaongea. Hilo swali la kemia liandike kwenye barua unitumie, nitalitafutia jibu huku."

Akasema, "Sawa." Simu ikakatika. Sijui kama ilikuwa ile "sawa" ya siku zile tisa au nyingine. Sijui kama alikuwa analia. Nilibaki nimeketi na simu mkononi, na watu wakipita nje na nguo zao za kanisani.

Ndipo nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa Nairobi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui mtu, vidole vimeungua. Nilikuandikia nikuombe uniambie nirudi nyumbani. Ulinijibu kwa mistari minne: nikaze moyo, kazi ya vyuma itanifaa, ng'ombe amezaa, niandike tena. Nilisema una moyo mgumu. Nilikukasirikia karibu mwaka mzima, wala sikukwambia. Wazazi wetu walikuwa wametangulia wote wawili, wewe hukuwa umeolewa bado, na mtoto pekee uliyekuwa umebaki naye mle ndani ni mimi niliyeondoka. Sijawahi kukuuliza, Dada. Jioni zile ulikuwa unakula na nani?

Nisalimie shemeji Mwakio, umwambie lile lango la zizi nitalitengeneza nikija. Nisalimie binamu yetu Mghoi mshonaji, na yule mwanawe anayejifunza udereva. Mpe mkono shangazi yetu Wawuda, mwambie namkumbuka katika sala, na ajaribu kuyanywa maji moto hata kama hayapendi. Katekista wetu umwambie bado naimba, ingawa naimba peke yangu.

Barua hii anakuletea mama mmoja jirani yangu anayekuja huko likizo. Atarudi baada ya wiki mbili, kwa hiyo una muda wa kutosha kuandika. Ila tafadhali, safari hii usinipe mistari minne.

Ni mimi ndugu yako,
Mwadime